Mjusi wa Mchangani

 

Ndugu zangu katika imani, leo nawazungumzia mjusi. Najua wapo watakaocheka. Anaitwa Liolaemus lutzae, na kwa asili hapatikani popote duniani ila kwenye fukwe za jimbo la Rio de Janeiro, Brazili. Mwili wake bila mkia haufiki sentimita 10, rangi yake ni ya mchanga, na akihisi hatari hujifukia ndani ya mchanga huo huo. Akiwa mchanga hula zaidi wadudu. Akikomaa, chakula chake kikubwa ni majani na maua ya mimea ya ufukweni. Wataalamu walimwandika mwaka 1938. Allah alikuwa akimruzuku zamani, tena kwa mimea inayoota penye chumvi na jua kali.

Makazi yake ni ukanda mwembamba kati ya mawimbi na nyumba, na nyumba zinasogea. Magari na miguu ya watu vinaiponda mimea, takataka zinaachwa. Kuna fukwe ambako ametoweka kabisa.

Mtu ataniuliza: si tumeamrishwa kuua mjusi? Swali hili halikosekani. Hadithi ile aliyoipokea Imam Muslim inamhusu wazagh, jamii ya yule wa ukutani tunayemwita mjusi kafiri. Haikutaja kila chenye magamba. Dhabb, mjusi wa jangwani, aliliwa na Khalid bin Walid (r.a.) mbele ya Mtume (s.a.w.), naye hakumkataza, ingawa mwenyewe hakumla kwa kuwa hakuwa wa ardhi ya watu wake. Basi tusiibebeshe hadithi moja viumbe wote.

Katika Surat al-An'am Allah ametujulisha kwamba wanyama watembeao ardhini ni umma mfano wetu. Umma! Neno lile lile tunalojiitia. Sasa umma mzima ukifutwa ili watu wapate pa kuota jua, tutajibu nini siku ya hesabu? Wengi wenu mnasomea uhandisi na sheria. Kesho ndio mtakaotia sahihi ramani za majengo kando ya maziwa na mito yetu. Ulizeni kwanza nani anaishi pale na hana pengine pa kwenda.

Huko Rio anachohitaji mjusi yule si kikubwa: mimea iachwe isimame, na waendao baharini wapite njia moja badala ya kutawanyika.