Paka wa Nje Katika Majira ya Baridi



Kila ufikapo mwezi wa Juni, wenzetu wa Njombe, Makete na Mufindi huingia katika baridi kali. Huko Makete hutokea asubuhi umande umeganda juu ya nyasi ukawa mweupe, na majani ya viazi yakaonekana kama yaliyounguzwa na moto. Watu hufunga milango mapema na kuota moto. Na mara nyingi, kabla ya komeo kutiwa, paka husukumwa nje kwa mguu, naye ndiye aliyeyalinda mahindi ya nyumba hiyo yasiliwe na panya mwaka mzima.

Wapo watakaouliza: Je, gazeti la dini limekosa habari hata liandike juu ya paka? Lakini Mtume Mtukufu s.a.w. hakuliona jambo hili kuwa dogo. Imesimuliwa katika Sunan ya Abu Daud kwamba Abu Qatada r.a. alimiminiwa maji ya kutawadha na Kabsha, mke wa mwanawe. Akaja paka kunywa, naye akamwinamishia chombo mpaka akamaliza kiu yake. Kabsha alipomtazama kwa mshangao, akamweleza kwamba Mtume s.a.w. amefundisha kuwa paka si najisi, bali ni miongoni mwa wale wanaotuzungukia nyumbani.

Litazameni neno hilo la kuzunguka. Katika Sura Nur (24:59) Kurani Tukufu yalitumia neno hilo hilo kwa watumishi wa nyumbani na watoto wasiobaleghe, ambao huingia na kutoka siku nzima. Basi paka amehesabiwa pamoja na watu wa nyumba. Ni nani kwetu amtoaye mtoto nje usiku wa baridi? (Kile kisa maarufu cha Mtume s.a.w. kukata mkono wa kanzu yake ili asimwamshe paka hakimo katika vitabu vya Hadithi vinavyotegemewa, wala hatukihitaji.)

Tena katika Bukhari na Muslim imo habari ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka. Liangaliwe kosa lake. Hatuambiwi kwamba alimpiga. Alimfungia tu, asimlishe wala asimwache ajitafutie wadudu wa ardhini, mpaka akafa. Sisemi kwamba anayemfungia paka nje ametenda dhambi sawa na hiyo, maana aliye nje aweza kujitafutia. Hata hivyo, usiku wa Julai kule milimani atajitafutia nini, na kitoto chake je? Katika sharti la nne la Baiati, ambalo Seyidna Ahmad a.s. alilitangaza mwaka 1889, sisi tumeahidi kutowaudhi viumbe wa Mwenyezi Mungu kwa jumla. Hatukuahidi kwa wanadamu peke yao.

Asiyeweza kulala na paka ndani na atafute sanduku la mbao, aliinue juu ya matofali lisiguse ardhi yenye unyevu, na mlango wake auelekeze kusikotoka upepo. Sanduku liwe dogo, kwani ni joto la mwili wa paka mwenyewe litakalolipasha. Wengi hutandika blanketi kuukuu, kumbe nguo hunyonya maji na kumzidishia mnyama baridi. Majani makavu ya ngano ni bora zaidi. Chakula nacho kiongezwe, maana mwili hukitumia kutengeneza joto. Jiko la mkaa lisiwekwe kamwe katika kibanda kilichofungwa, kwani hewa yake ya sumu huua paka na huua watu vile vile. Sumu ya panya nayo isitegwe mahali paka apitapo, wala asiachwe ale panya aliyekwisha kuila.

Wenye magari wapige boneti kwa kofi mara mbili tatu asubuhi kabla ya kuwasha, kwa sababu paka hupenda kujibanza karibu na injini yenye vuguvugu, na feni ikianza kuzunguka hapati nafasi ya kukimbia.