Kiu ya Mwenye Udhuru

Alasiri moja ya Ramadhani ya mwaka 2025, iliyotuangukia mwezi wa Machi, wakati jua la Nairobi lingali kali, nilimfuata mpwa wangu katika uwanja wa Camp Toyoyo, pale Jericho, nikamkuta mazoezini juu ya nyasi bandia, ambazo zilikuwa zimeshika moto hata nikauhisi nyayoni kupitia soli za viatu. Chupa ya maji ilipomfikia aliishika kitambo, akaipitisha shingoni apate ubaridi wake, kisha akampa mwenziwe bila ya kuionja. Njiani, midomo imemkauka, akaninong'oneza: "Shangazi, mimi leo sina saumu. Lakini ningekunywa, si wote wangejua?"

Neno hilo limenishughulisha tangu siku ile. Mwanamke aliye katika hedhi hakuondolewa faradhi ya kufunga tu, bali hata akifunga saumu yake haisihi, na siku hizo huzilipa Ramadhani ikishapita. Basi kiu ya binti yule ilikuwa ibada ya nani? Saumu husimama juu ya nia, na nia ni siri baina ya mja na Mola wake; kiu aliyoivumilia kwa kuchelea macho ya watu ilikuwa taabu tupu, iliyotozwa mwili ambao kwetu ni amana.

Na mwili una kanuni zake. Jasho hupoza linapokauka, si linapotiririka. Ndiyo maana Mombasa, katika fukuto la mwisho wa kaskazi, mchezaji hulowa chapachapa na asipoe, ilhali hapa Nairobi, mita 1,600 na zaidi juu ya bahari, hewa kavu humkausha upesi hata asitambue maji aliyokwisha poteza. Kwa mwanamke kuna jambo la ziada: katika siku za kuelekea hedhi joto lake la ndani hupanda kwa takriban nusu digrii, na jasho huchelewa kuanza kumtoka.

Wako makocha wanaonyima maji wakidai wanafunza subira. Siwakubalii hata chembe, kwani subira ni ya aliyeichagua. Haya nayo ni pambo, sikatai. Lakini ikiwa FIFA mwaka 2014 iliweza kubadili kanuni zake ili hijabu ivaliwe uwanjani, sisi wa mitaa ya Eastlands tutashindwaje kumsitiri msichana anayekunywa maji?

Nilimwendea kocha wao, mtu msikivu, nikamwomba jambo moja tu. Sasa mtungi huwekwa nyuma ya ukuta, na wakati wa mapumziko wasichana wote huenda huko, aliyefunga akanawa uso na asiyefunga akanywa, nao hurudi uwanjani nyuso zote zikiwa zimelowa maji.