Uji wa Shule na Deni la Baba

Katika vijiji vingi wazazi hupatana kila mwaka kutoa mahindi, maharagwe na kuni, ili watoto wapate uji saa nne. Ada imeondolewa katika shule za msingi za serikali ya Tanzania, lakini chakula cha mtoto wa kutwa kimebaki juu ya mzazi. Hapo ndipo lizukapo swali lililo gumu kwa walimu na wazee wa kamati: mtoto ambaye baba yake hakutoa debe lake, apewe uji, au akae kando akiwatazama wenzake wakinywa?

Wako wasemao asipewe, na hoja yao si ya kudharauliwa. Akila bure mtoto wa mvivu, wasema, mwakani nani atatoa? Nao humshika Mtume Paulo, aliyewaandikia Wathesalonike habari ya mtu asiyetaka kufanya kazi. Lakini na tuangalie vema. Paulo alimnena mtu mzima akataaye kazi. Mtoto wa miaka saba hakukataa jembe, wala hana shamba wala ghala. Kumnyima yeye ni kumpiga mmoja kwa kosa la mwingine, na huyo mwingine pengine yuko kilabuni, hana habari.

Hofu hii si ya kwetu tu. Bunge la Uingereza lilipotunga sheria mwaka 1906 ya kuziruhusu halmashauri kuwalisha watoto wenye njaa shuleni, wengi walipinga wakisema baba atasahau wajibu wake. Sheria ikashika njia ya kati: mzazi awezaye kulipa adaiwe, asiyeweza asidaiwe, na mtoto ale. Mwaka uliofuata, katika mji wa Bradford, daktari Ralph Crowley aliwapima uzito watoto waliolishwa. Waliongezeka, ilipofika likizo, chakula kikakoma, wakapungua.

Wengine hujibu kwamba aibu itamsukuma baba. Twasema aibu hiyo humwangukia mtoto. Huko Marekani shule nyingine zilikuwa zikiwapiga watoto muhuri mkononi kwa ajili ya deni la chakula, hata jimbo la New Mexico likakataza kwa sheria mwaka 2017 kuwaaibisha watoto hivyo. Nasi twawajua watoto wasiopigwa muhuri wowote, ila saa nne ikifika hujifanya wana kazi nyuma ya darasa.

Basi twaona deni liwe la baba, adaiwe yeye, barazani mbele ya wazee, si penye sufuria la uji. Asiye na mahindi alete kuni, au alime siku mbili katika bustani ya shule. Tena mchicha wahitajiwa, maana uji wa mahindi matupu hushibisha, lakini haumjengi mtoto mwili pasipo maharagwe au dagaa na mboga za majani. Mjane na mgonjwa wasidaiwe. Na baba akataaye yote hayo? Dawa yake ya haraka haipo. Kamati imwendee tena na tena. Mwanawe apewe kikombe kilichojaa sawa na cha wenzake, wala jina lake lisisomwe.