Chane za Mkindu

Machi 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona na biashara ya baba ikalala, nyumba yetu ilijaa watu na vitu kwa pamoja. Tukaamua kupunguza vitu, tukaanza na kabati. Khanga zilizochakaa mama alizichambua: zenye nguvu bado zikawa mbeleko ya mjukuu, zilizolegea zikawa vitambaa vya kuepulia sufuria. Vilivyobaki tuliwapelekea majirani waliovihitaji kuliko sisi.

Chini kabisa, ndani ya mfuko, tulikuta chane za mkindu zilizokwisha kutiwa rangi, za mkeka ambao bibi hakujaaliwa kuumaliza. Mama alizinyunyizia maji, maana chane kavu hukatika, akaketi barazani kunifundisha. Ukili husukwa mwembamba, chane juu, chane chini, mpaka uwe mrefu wa kuviringishwa; ndipo hushonwa ubavu kwa ubavu, ukawa mkeka. Alinifumulia mara tatu, taratibu, bila kunigombeza. Sijapata kufundishwa kwa upole kama ule.

Jikoni mbaazi zilikuwa motoni. Nyama ilikuwa imetushinda bei, lakini mbaazi zilizolowekwa usiku kucha, zikaiva vizuri, tui zito likatiwa mwisho kwa moto mdogo ili lisikatike, ni chakula cha heshima. Harufu ilitufikia barazani.

"Umeshazikoroga, mwanangu?" mama akauliza, macho yake kwenye ukili.

Nikauweka wangu chini, nikaenda.