Kufuli ni hodi, si ukuta

JE, inafaa kwa Muislamu kujifunza kufungua kufuli bila ya ufunguo, tena kwa vyuma alivyovichonga kwa mkono wake, na iwe ni kwa kujifurahisha tu? Swali hili niliulizwa na kijana mmoja wa mtaani kwetu, fundi wa kuchomelea mageti. Jioni akimaliza kazi hukaa na jiriwa yake, tupa na msasa. Huchukua vipande vya msumeno wa chuma uliokwisha makali, au vyuma vyembamba vinavyotoka kwenye waipa za gari, akavichonga mpaka vikawa vyembamba kama kijiti cha meno. Kisha hununua makufuli ya bei rahisi na kushindana nayo mpaka yafunguke. Mlango wa mtu hajawahi kuugusa. Hata hivyo mama yake anataka vyuma hivyo vitupwe, na majirani wameanza kumwangalia kwa jicho baya.

Mimi si mufti na sitoi fatwa. Lakini naona swali lake ni kubwa kuliko linavyoonekana, na ndiyo maana nalileta kwenu ndugu wasomaji tulitafakari pamoja.

Kwanza tukitazame kitu chenyewe. Ndani ya kufuli la kawaida mna safu ya pini ndogo zinazosukumwa na springi. Ufunguo wake huzinyanyua pini hizo, kila moja kwa kimo chake, na hapo silinda huzunguka. Asiye na ufunguo akitaka kulifungua hana budi kuzitafuta pini hizo moja moja, kwa subira na kwa hisia za vidole. Huu ni ufundi, na ni wa kale. Wamisri wa kale walikuwa na makufuli ya mbao yenye pini, na Linus Yale wa Marekani alipata hatimiliki ya kufuli la chuma la namna hiyo mwaka 1861. Waislamu nao hawakuwa nyuma. Mhandisi al-Jazari, katika kitabu chake alichokikamilisha mwaka 1206, alieleza kufuli la sanduku lisilo na ufunguo kabisa, linalofunguka kwa kupanga herufi kwenye visahani vyake.

Katika nchi nyingine ufundi huu umekuwa mchezo unaojulikana. Ujerumani chama cha wapenzi wake kilianzishwa mjini Hamburg mwaka 1997, na wapo wenzao Uholanzi na Marekani. Wanashindana, na wengi huona fahari kutumia vyuma walivyovitengeneza wenyewe. Wana masharti mawili wanayoyashika sana: usifungue kufuli lisilo lako bila ya idhini ya mwenyewe, na usichezee kufuli linalotumika. Sisi huku vyuma kama hivyo tunaviita "funguo malaya", na jina hilo peke yake linatosha kuonesha kwamba hatujawahi kuviona ila mikononi mwa wezi.

Je, elimu hii ni uovu kwa nafsi yake? Mwaka 1851 jambo hili liliwatikisa Waingereza. Mmarekani aitwaye Alfred Hobbs alikwenda London wakati wa maonesho makubwa ya mwaka ule. Huko Piccadilly, tangu mwaka 1790, kufuli la Bramah lilikuwa limewekwa dirishani mwa duka pamoja na ahadi ya gini 200 kwa atakayelifungua. Hobbs alitengeneza zana zake na akalifungua baada ya saa 51 za kazi, zilizogawanywa katika siku 16. Watu walikasirika wakisema amewafundisha wezi. Hobbs alijibu kuwa wezi wanayajua hayo zamani, na wasiojua ni watu waaminifu wanaonunua makufuli wakidhani wamesalimika.

Jibu lake lina uzito, lakini mimi kinachonigusa zaidi ni namna alivyoifanya kazi ile. Aliwafuata wenye kufuli, wakakubaliana masharti, wakawekwa waamuzi. Alibisha hodi.

Wanazuoni wetu walishaliweka vizuri jambo la namna hii. Zabibu ni halali kuilima, kuila na kuiuza, lakini kumuuzia mtu unayejua kwamba anakwenda kutengeneza mvinyo ni jambo lililokatazwa. Zabibu haikubadilika. Kilichobadilika ni kusudio na mkono unaopokea. Kwa kipimo hicho, kijana anayechonga chuma chake na kufungua kufuli lake hajamdhulumu mtu. Lakini akimfundisha kila anayepita, bila ya kujali ni nani na anataka nini, hapo ameanza kuuza zabibu gizani.

Hata hivyo, nadhani tukiishia hapo tutakuwa hatujaligusa jambo lenyewe. Tujiulize: kufuli linamzuia nani hasa? Mwizi aliyedhamiria atavunja dirisha au atakata nondo. Kufuli linamzuia mpita njia, linamwambia kwamba mwenyewe hayupo, rudi baadaye. Ni hodi ya chuma. Tunajua jinsi Surat An-Nur, aya ya 27, inavyotukataza kuingia nyumba zisizo zetu bila ya kuomba ruhusa na kutoa salamu. Na Mtume (S.A.W.) alimkemea vikali mtu aliyechungulia nyumbani kwake kwenye tundu, akabainisha kwamba kuomba ruhusa kumewekwa kwa ajili ya jicho. Mtu yule hakuvunja kitu wala hakuiba. Kosa lake ni kwamba njia ilikuwepo naye akadhani kuwepo kwa njia ni ruhusa.

Basi nilimwambia kijana yule: siku utakapobobea, utakuwa mtu ambaye kwake mtaa mzima hauna mlango uliofungwa. Sisi wengine hatujui uaminifu wetu unafika wapi, kwa sababu milango imetusaidia. Wewe huna msaada huo. Kitakachobaki kati yako na mali ya jirani ni ucha Mungu wako tu. Ukiona huwezi kuubeba mzigo huo, mtii mama yako uvitupe vyuma hivyo leo hii.

Tena hayuko peke yake. Fundi simu anayeachiwa simu yenye picha za familia, karani wa benki anayeona akaunti za watu, muuguzi anayejua maradhi ya jirani, wote hawa wanashika funguo za milango isiyo yao. Makka ilipofunguliwa mwaka wa 8 Hijria, wapo waliotamani ufunguo wa Al-Kaaba uhamie kwao. Mtume (S.A.W.) aliurudisha kwa Uthman bin Talha, na ukoo wa Bani Shayba unaushika mpaka leo. Aliyekuwa na nguvu zote siku ile ndiye aliyerudisha ufunguo. Hiyo ndiyo amana.

Kwenu majirani nako nina neno. Surat Al-Hujurat inatuonya juu ya dhana na kupelelezana. Katika miji yetu, kijana akikutwa usiku na vyuma kama hivi mfukoni, ukelele mmoja wa "mwizi!" unatosha kumtoa roho kwa mawe na tairi kabla hajajieleza. Sheria ya Kanuni ya Adhabu nayo inamtia hatiani anayekutwa usiku na zana za kuvunjia nyumba bila ya sababu ya halali. Kwa hiyo kijana na aviache vyuma vyake nyumbani, kwenye meza yake ya kazi, na ajiepushe na mahali pa tuhuma. Nasi tusimhukumu kwa kile anachoweza kufanya, bali kwa alichokifanya. Kama uwezo peke yake ungekuwa ndio kosa, nani kati yetu angesalimika?

Wallahu a'lam.