Udi Sebuleni, Moshi Jikoni

Nyumba yetu hapa Igogo, Mwanza, imebanwa na mawe ya mlima. Wageni wakija Ijumaa nafukiza udi sebuleni, nao husema, "Mashallah, nyumba safi!" Nyuma ya pazia mke wangu anakohoa mbele ya jiko la mkaa, chumba hakina dirisha. Ndugu yangu katika imani, usafi huo ni wa nani? Udi hausafishi hewa. Ni moshi juu ya moshi. Na mkaa, hata usipofuka, hutoa gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Umeua watu usingizini. Mimi twahara nilidhani ni maji na ufagio tu! Upepo wa ziwa upo nje, bure, nami niliuzibia kwa tofali nikihofia wezi. Jumamosi nikamwita fundi atoboe ukuta. Akauliza, "Dirisha la sebuleni, siyo?"