Aliyevuka Naye Huweka Mitego

Wachache wetu tumeshika fimbo ya gofu, lakini swali hili linatuhusu. David Jones wa Ireland Kaskazini, mchezaji wa kulipwa, alishinda Kenya Open mwaka 1989. Baadaye akawa msanifu wa viwanja: ndiye aliyechora ule wa mashimo 18 pale Vipingo, pwani ya Kenya. Sasa jamani, mtu aliyesumbuliwa na mchanga miaka yote anawawekea wenzake mchanga uleule! Ni roho mbaya? Hapana, ilimradi mtego uonekane toka mbali, na njia ya kuukwepa iwepo. Kikwazo cha wazi ni somo. Cha kificho ni hila. Wakubwa waliokwisha vuka, nasi tutakaovuka kesho, tujiulize: wadogo zetu tunawapima, au tunawakomoa?